Mfinyanzi wa Mkata anayehesabu usingizi wa mjukuu kwa punje za mahindi

Saa moja na nusu asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya mihogo, Bibi Mwantumu Mdoe anatembea kinyumenyume. Mgongo ameuinamisha, miguu peku, mikono miwili imeshika ukingo wa chungu kibichi kilichokaa juu ya gae la chungu kilichovunjika, na yeye anakizunguka kwa hatua ndogo ndogo kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Hana gurudumu wala mashine. Chungu kimetulia pale pale, anayezunguka ni yeye.

"Wenzangu wa mjini wanauzungusha udongo," anasema bila kuinua kichwa. "Mimi udongo ni mkubwa wangu. Namzunguka mwenyewe."

Pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekaa jirani yake Stefania, muuza machungwa wa barabarani, ambaye babu yake alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge na hakurudi tena kwao. Stefania hupita hapa kila asubuhi kabla ya kwenda kupanga matunda yake, na hapiti bila neno.

"Huyu Mzigua angekuwa anatembea moja kwa moja," anasema, "tangu mwaka juzi angeshafika kwetu Tabora akapata mume."

"Nifike Tabora nimkute nani?" Bibi anajibu, bado anazunguka. "Ninyi wote si mmehamia hapa kula machungwa yetu?"

Nyumba hii iko nje kidogo ya Mkata, wilayani Handeni, mahali ambapo sauti za mabasi ya barabara kuu zinasikika lakini vumbi lake halifiki. Bibi Mwantumu anaishi hapa na binti yake Hamisa, mwenye miaka thelathini na minne, na mjukuu wake Ikram, wa darasa la saba. Juu ya mlango wa jikoni pamegongomelewa ubao, na juu ya ubao vimekaa vyungu vinne, vitatu vikiwa na ukubwa wa chungwa. Cha nne kimeegemea upande mmoja na kina ufa unaoanzia mdomoni mpaka tumboni. Mgeni akiviona hudhani ni vya chumvi.

Si vya chumvi. Kwa vile vitatu Bibi Mwantumu anamlinda mtoto.

Ana miaka sitini na mitatu. Shule aliiacha darasa la tatu, mama yake alipovunjika mguu na akatakiwa mtu wa kubeba udongo. Kusoma anasoma, kwa kidole na kwa subira. Kuandika kunamchosha. "Jina langu naliandika vizuri sana," anasema. "La mtu mwingine mpaka anivumilie."

Ufinyanzi aliurithi kwa mama yake, na mama yake kwa wake. Chungu cha mboga anauza shilingi elfu nne, mtungi wa maji elfu kumi na tano, vyetezo vya ubani bei ya maelewano. Mwezi mzuri wa kiangazi humwachia kama laki moja na nusu. Masika haifiki elfu hamsini, kwa kuwa vyungu havikauki na kuni zinalia moshi.

Hamisa ndiye anayevisugua. Anatumia jiwe la mtoni lililolainika kama yai, na akishika chungu hakiachi mpaka king'ae. "Kwa kusugua hakuna anayemfikia Handeni nzima," anasema mama yake, na Hamisa, aliyekaa mkekani miguu ameinyoosha, anatabasamu chini chini bila kukataa.

Alipokuwa msichana Hamisa aliolewa Kerenge, wilayani Korogwe, na mkulima aitwaye Iddy. Walimpata Ikram. Mtoto alipofikisha miaka miwili, Hamisa akanyamaza.

"Hakuanza kwa fujo," anasimulia Bibi. "Watu wakisikia ugonjwa wa akili wanamfikiria mtu anayerusha mawe barabarani. Mwanangu alianza kwa kunyamaza. Nikasema amechoka na ndoa, ataongea."

Baada ya ukimya usingizi ukaondoka. Baada ya usingizi Hamisa akaziba dirisha kwa khanga, akawa anasema majirani wanamteta ndani ya redio. Familia ilizunguka naye mwaka mmoja na nusu kwa waganga. Walichinja kuku weupe, wakachinja weusi, mpaka banda likabaki na jogoo mmoja ambaye, kwa maneno ya Bibi, alikuwa haliamini tena jua likichomoza.

Mwishoni walifika kwenye kliniki ya afya ya akili mjini Korogwe, na daktari akautaja ugonjwa kwa jina: skizofrenia. Bibi hilo jina halitamki, anasema linamkwama kooni. Yeye husema "ugonjwa wa Hamisa", kama vile mtu anavyosema "shamba la Hamisa".

Dawa zilimrudisha Hamisa, si kwa siku moja. Sasa anachomwa sindano moja kila mwezi. Zipo siku kichwa kinakuwa kizito akakaa tu kivulini, na zipo nyingi zaidi ambazo anapika, anasugua, anabishana na mama yake kuhusu chumvi kwenye mboga. Ndoa haikudumu, lakini Iddy hakugeuka adui. Kila mavuno anashusha magunia mawili ya mahindi kwa ajili ya mtoto wake, na punje zitakazotajwa hapa chini ni za mahindi hayo.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya sindano, Bibi Mwantumu alimuuliza muuguzi swali lililokuwa limemkaa kifuani tangu Ikram akiwa mchanga. Je, na mtoto?

Muuguzi huyo, Salome, ameshika kliniki hiyo kwa miaka minane. Anasema swali hilo familia huliuliza mlangoni, wakati wa kuondoka, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. "Bibi aliliuliza akiwa amekaa, na mkoba ameuweka chini. Nikajua anataka jibu kweli."

Alimpa jibu kweli. Mtoto ambaye mzazi wake ana ugonjwa huu yuko kwenye hatari kubwa kuliko mtoto mwingine, lakini ukichukua watoto kumi wa namna hiyo, kama tisa hivi hawaupati maisha yao yote.

"Akaniuliza, huyo wa kumi anavaa nguo gani?" Salome anakumbuka, akicheka. "Nikamwambia Bibi, hana nguo. Hajulikani kwa sura. Ndiyo maana tunaangalia."

Cha kuangalia alimweleza taratibu. Mtoto aliyekuwa na marafiki akaanza kujitenga. Aliyekuwa anafanya vizuri darasani akashuka bila sababu. Usingizi ukavurugika, akaogopa watu aliowazoea, akasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Jambo moja peke yake si ugonjwa, maana watoto wananuna, wanakua, wanapenda na kuchukia. Ila mabadiliko yakija pamoja na yakakaa, mtoto aletwe, na asihojiwe nyumbani kama mshitakiwa. Salome akampa daftari la kuandika kila siku mtoto amelalaje, amekulaje, ameongeaje.

Bibi Mwantumu alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaandika siku nne. Siku ya tano akafinyanga vyungu vitatu vidogo.

Kimoja ni cha usingizi, kimoja cha chakula, kimoja cha maneno. Kila jioni, Ikram akiwa anaosha vyombo, Bibi anapita mlangoni na kudondosha. Siku ikiwa ya kawaida, punje ya mahindi. Siku ikiwa na kasoro, kunde. Siku ya kliniki anavifunga vyungu kwenye khanga, anapanda navyo basi hadi Korogwe, anavimwaga mezani kwa Salome kimoja kimoja, na muuguzi anasoma mwezi mzima kwa kutazama tu.

"Kuna Februari moja sikuisoma," anasema Salome. "Iliyeyuka njiani."

"Ililiwa na kuku," Bibi anasahihisha. "Usinisingizie njia."

Kwa miaka miwili vyungu vilijaa mahindi, na kunde moja moja za malaria na za kugombana na wenzake. Bibi alianza kuzoea. Halafu ikaja Agosti ya mwaka jana.

Jumamosi moja Bibi alikwenda bondeni kuchimba udongo, na Ikram, wakati huo ana miaka kumi na miwili, akaomba kufuatana naye. Kwa wanawake wa nyumba ya Mdoe, udongo una sharti lake. Tangu jembe linapogusa shimo mpaka kapu litakapotuliwa nyumbani, mfinyanzi haongei. Akikutana na mtu njiani haitikii salamu, anagonga mpini wa jembe mara mbili na kupita. Wanaowajua hawaoni dharau. Wageni ndio hukasirika, na Stefania anakiri kwamba alipohamia hapa alimnunia Bibi mwezi mzima.

Kabla hawajashuka bondeni, Bibi alimweleza mjukuu sharti hilo, na kwa kunogesha akaongeza kitu alichokuwa akiambiwa na mama yake: chungu cha kwanza cha mtu ndicho kisichotaka maneno kabisa. Alisema hivyo kwa kupita tu. Ikram hakuwa na chungu chochote. Alikuwa ameahidiwa kufundishwa likizo ya Desemba.

Walichimba, wakabeba, wakatua. Bibi akaanza palepale kulalamikia goti lake. Ikram hakusema kitu.

Jioni hiyo Bibi hakutilia maanani. Jumapili aliona mtoto anajibu kwa kichwa. Aliitwa, akaja. Alitumwa dukani, akaenda na karatasi iliyoandikwa "sukari nusu kilo". Alitabasamu, alikula, lakini mdomo haukutoa hata herufi. Jumatatu mchana mwalimu wake, Upendo, akapiga simu. Alisema Ikram ameulizwa swali la hesabu akasimama, akaenda ubaoni, akaandika jibu, likawa sahihi, akarudi kukaa bila kutamka neno. Wenzake wamecheka. Mwalimu hakuwa mkali, alitaka tu kujua kama kuna tatizo nyumbani.

Bibi alimwambia hakuna. Alipokata simu, anasema, aliitazama ile simu kama imemdanganya.

Jumanne alfajiri, kabla ya adhana, alipapasa godoro la mtoto akalikuta tupu. Alimkuta nyuma ya banda la kuku, amechuchumaa, mbele yake kuna kitu kimefunikwa kwa khanga. Ikram alipomwona alinyoosha mikono yote miwili kuzuia asisogee. Macho ya mtoto yalikuwa na hofu.

"Mwenyezi Mungu anisamehe," anasema Bibi. "Nilipoona ile khanga, niliona lile dirisha la Kerenge."

Hakumvuta, hakumgombeza. Alimwambia kuna baridi, avae sweta, akarudi ndani. Jioni alidondosha kunde kwenye chungu cha maneno na kunde kwenye chungu cha usingizi. Alikuwa amechota nyingi, mbili zikaangukia chini na kuku hakuchelewa.

Alikusudia kumficha Hamisa. Alihofu binti yake atajilaumu, na kujilaumu kwa Hamisa kunaweza kumrudisha kitandani wiki nzima. Lakini Jumatano asubuhi Hamisa alisimama chini ya ule ubao, akavishusha vyungu, akatazama ndani.

"Mama, kunde zimezidi," alisema.

Alikaa chini, akachukua jiwe lake, akaanza kusugua mtungi uliokuwa umeng'aa tangu juzi.

Alhamisi ilikuwa siku ya sindano, kwa hiyo walikwenda wote watatu. Sabiri, bodaboda wa siku zote, mtu mzima mwenye wake wawili na utani wa kuwatosha wote, aliwapeleka stendi kwa zamu. Alimuuliza Ikram kama amemeza ufunguo. Ikram akamgongea tangi la pikipiki mara mbili kwa vidole. Sabiri akacheka. Bibi aliona, hakuelewa.

Ndani ya basi, kupita Segera mpaka Korogwe, Bibi alivikumbatia vyungu mapajani. Anasema njia nzima alikuwa akihesabu mwaka na nusu. Kama angekuja mapema na Hamisa, huenda isingekuwa vile. Safari hii amekuja siku ya tano. Alijishikiza kwenye hiyo siku ya tano kama mtu anavyoshika bomba la basi.

Salome alivimwaga vyungu mezani, akazitazama zile kunde, akaacha kutabasamu. Alimkalisha Ikram karibu naye, akazungumza naye mambo ya shule kwanza, akijibiwa kwa kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Ikram, kuna mtu anayekukataza kuongea?"

Mtoto aliitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Bibi anasema moyo ulimshuka mpaka ukafika kwenye goti lile bovu. Hamisa alishika ukingo wa meza.

"Unamsikia sasa hivi?"

Ikram alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. Hapana.

"Huyo mtu yuko wapi?"

Ikram akainua kidole, akamnyooshea Bibi yake.

Salome akasukuma karatasi na kalamu mezani. Ikram akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kuegemea kulia, na muuguzi akasoma kwa sauti: "Chungu changu cha kwanza hakijachomwa. Bibi alisema hakitaki maneno."

Aliyeanza kucheka alikuwa Hamisa. Alicheka mpaka akajifunika mtandio usoni, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakachungulia dirishani kuona kuna nini.

"Nilitaka kumchapa na kumbusu," anasema Bibi. "Nikakosa pa kuanzia."

Yote yakajieleza. Siku ile ya bondeni Ikram aliiba bonge la udongo kutoka kwenye kapu, akafinyanga nyuma ya banda kwa siri, na kila alfajiri alikuwa akikigeuza chungu chake kisikauke upande mmoja. Kwa Bibi sharti linaisha kapu linapotua, jambo la wazi kiasi kwamba hakuona haja ya kulisema. Kwa Ikram lilikuwa mpaka chungu kitoke motoni.

Salome hakulifunga jambo kwa kicheko. Aliuliza habari za usingizi na za darasani, akapitia kila kitu kana kwamba hakuna aliyecheka. Akawaambia waendelee na punje zao, na mtoto aje tena baada ya miezi sita hata akiwa mzima wa afya. Bibi alipoomba radhi kwa kumpotezea muda, muuguzi alikataa radhi hiyo. "Wangekuja mara kumi namna hii," anasema leo, "ningefurahi mara kumi."

Lakini kuna swali moja ambalo Ikram hakulijibu. Salome alimuuliza kwa nini chungu hiki kina uzito hivyo kwake, hata akubali kuchekwa darasani. Mtoto aliweka kiganja juu ya karatasi, akakiacha hapo mpaka walipoondoka.

Njia ya kurudi Bibi angeweza kumwambia sharti limekwisha, aongee tu. Hakumwambia. "Nimemwekea sharti mwenyewe," anasema. "Nikimvunjia kwa sababu nimeona aibu, kesho ataniaminije?"

Jumamosi walichoma. Bibi alipanga vyungu vyake uwanjani, akavizungushia kuni na samadi kavu, akafunika kwa nyasi, na katikati, mahali penye moto wa kutulia, akakiweka cha Ikram, kidogo, kizito upande mmoja. Stefania aliacha machungwa yake akaja kutazama. Moto ulipokolea ikasikika sauti ambayo kila mfinyanzi anaijua, mlio mmoja mkavu, kama kuni inayovunjika lakini mfupi zaidi.

Majivu yalipopoa, Bibi alikitoa kwa kijiti. Kilikuwa na ufa kuanzia mdomoni mpaka tumboni.

Ikram alikitazama. Baada ya wiki nzima, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza:

"Basi na mimi nitaumwa."

Ilitoka pole pole, kati ya kwikwi. Shuleni, mwezi uliotangulia, msichana mmoja alikuwa amemwambia kwamba kichwa cha mama humfuata binti, na kwamba akifika umri wa kuvunja ungo atakuwa kama mama yake. Ikram hakumwambia mtu. Alifanya mapatano na udongo. Kikitoka kizima, hataumwa. Kikipasuka, ataumwa. Ndiyo maana alikaa kimya wiki nzima, asije akakiharibu kwa neno moja.

Bibi alikuwa na ya kusema: wale watoto tisa kati ya kumi, na maneno yote ya Salome. Alifungua mdomo, lakini Hamisa akamtangulia.

Alikuja akapiga magoti kwenye majivu, akakichukua kile chungu, akakizungusha mkononi kama anavyofanya anapotafuta pa kuanzia kusugua.

"Changu cha kwanza kilitoka kizima," alimwambia mwanawe. "Hakikuwa na hata kovu. Bibi yako alikiuza siku ile ile. Na mimi nikaumwa."

Ikram alimgeukia Bibi yake. Bibi akathibitisha: kweli, alikiuza, kwa mwanamke wa Segera, na mwanamke huyo alirudi kuulizia kingine.

Mtoto alifikiri. Alifuta pua kwa mkono wenye masizi, akabaki na sharubu.

"Kwa hiyo chungu hakijui kitu?"

"Hakijui kitu," alisema Hamisa. "Ni udongo. Anayejua ni mimi. Mimi ndiye niliyeumwa, najua unavyoanza. Siku kichwa chako kikikuletea kitu usichokielewa, usiende kwa chungu wala kwa msichana wa shule. Njoo kwangu, hata kama nimelala. Tutapanda basi."

Bibi Mwantumu anasimulia hapa kwa sauti ndogo kuliko mahali pengine popote. Anasema miaka yote hiyo alidhani analinda watu wawili. Siku ile, pale kwenye majivu, alihesabu upya, akakuta walinzi ni wawili na wa kulindwa ni mmoja.

Ikram, aliyekuwa amejaza maneno ya wiki nzima, aliyamwaga yote mchana huo. Alisimulia habari za mwalimu, za hesabu ya ubaoni, za jinsi alivyotaka kumjibu Sabiri kuhusu ufunguo. Ilipofika alasiri Stefania aliahidi machungwa sita kwa yeyote atakayemtafutia chungu kingine cha kwanza.

Mwaka mmoja umepita tangu hapo. Ikram amekwenda Korogwe mara mbili kama alivyoagizwa, na mara zote mbili Salome amesoma mahindi. Akiitwa ubaoni darasani sasa anajibu kwa mdomo, na Mwalimu Upendo amelalamika mara moja kwamba anajibu hata asipoulizwa. Bado hajatimiza umri ambao ugonjwa ulimkuta mama yake, na Bibi halisahau hilo. Ila anasema zamani alikuwa anaufikiria umri huo kama mtu anayesubiri mvua ya mawe. Sasa anaufikiria kama masika: itakuja, na watu watakuwa wameezeka.

Habari za vyungu vitatu zilivuka benchi la kliniki. Mwanamke mmoja wa Kwamsisi, ambaye mumewe anatibiwa pale na wana watoto wanne, aliomba avinunue. Bibi hakumuuzia. Alimfinyangia seti nne, akamfundisha punje na kunde, na kumwonya kuhusu kuku. Mpaka sasa familia saba zimepewa. Mpango wake ni kufikisha familia thelathini kabla ya masika ijayo, na Salome ameshamtengea rafu ndogo nyuma ya mlango wa chumba chake. Wenye daftari waendelee na daftari. Hivi ni vya wale wenzake walioishia darasa la tatu.

Sharti la udongo halijafutwa. Limerekebishwa tu. Sasa akimfundisha mtu, Bibi analisema mpaka mwisho wake: ukitua kapu, ongea.

Hamisa ndiye anayevisugua vyungu vya seti hizo. Anasema hivi vinahitaji kung'aa kuliko mitungi, kwa sababu mtu atavitazama kila jioni, na siku nyingine atavitazama akiwa na hofu.

Na kile cha nne, chenye ufa? Maji hakiwezi. Punje kinashika vizuri. Ikram ndiye aliyekipandisha ubaoni, wiki ile ile ya majivu, baada ya kuuliza kwenye chakula cha jioni ni nani anayemhesabia Bibi. Hakuna aliyekuwa anamhesabia Bibi.

Asubuhi hii, kabla ya kwenda shule, Ikram anapita mlangoni na sare yake, ananyoosha mkono juu, anadondosha. Inasikika ikigonga. Bibi anaacha kuzunguka.

"Umetia nini?"

"Kunde."

"Kunde ya nini? Nimelala kama gogo."

"Bibi, umeamka mara tatu. Umekwenda kuangalia kama nimelala."

Stefania anacheka peke yake juu ya ndoo. Bibi Mwantumu anapangusa mikono kwenye khanga, anaufuata ubao, anaingiza vidole kwenye chungu chenye ufa na kuitafuta ile kunde aitoe.

"Mama, iache," anasema Hamisa kutoka mkekani, bila kuinua macho kutoka kwenye jiwe lake. "Alhamisi tutakwenda nayo Korogwe."

Bibi anasimama kidogo, mkono bado uko juu. Halafu anautoa mkono mtupu, anarudi kwenye chungu chake kibichi, anainamisha mgongo, na kuanza tena kuzunguka.